Mchanga Huu Ulitoka Wapi? Kutafuta Chimbuko la Miamba ya Mashapo kwa Kemia ya Madini

Mlima humomonyoka, mto hubeba, ziwa au bahari hupokea, na baada ya mamilioni ya miaka mchanga ule unakuwa jiwe. Mlima wenyewe huenda ulishatoweka zamani. Anayetaka kujua ulikuwa wapi, na ulikuwa wa mwamba gani, hana shahidi ila punje zilizobaki. Nyingi kati ya hizo ni kwatzi, na kwatzi hufanana mno popote itokako. Wenye maneno ni madini mazito yaliyojificha katikati yake, ambayo mara nyingi hayafiki hata asilimia 1 ya mwamba wote: ganeti, zirkoni, rutili, turmalini, apatiti, spineli ya kromiamu na wenzao.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Siku hizi wengi hukimbilia umri wa zirkoni. Wakishapata mchoro wa umri wa punje wenye vilele vitatu vinne, wanaona kazi imekwisha. Zirkoni husema mwamba mama una umri gani. Haisemi vizuri mwamba huo ulikuwa wa aina gani, na kwa kuwa haifi upesi, huenda imeshapita katika miamba mingine miwili mitatu ya mashapo kabla ya kufika mezani kwako. Kemia ya madini mengine ndiyo inayoziba pengo hilo. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi au mtafiti anayeanza, na unamfuata kutoka kwenye swali hadi kwenye jibu.

Hatua ya 1: Anza na swali, nyundo baadaye

Chukua karatasi, uandike vyanzo vyote vinavyowezekana vya mchanga wako. Mbele ya kila kimoja andika madini ambayo kingetoa. Eneo la graniti lingetoa zirkoni, apatiti na turmalini yenye chuma kingi. Eneo la miamba geu (iliyobadilishwa na joto na mgandamizo) ya joto kali lingetoa ganeti yenye magnesiamu nyingi, pamoja na rutili. Vipande vya sakafu ya bahari vilivyosukumwa juu ya bara vingetoa spineli ya kromiamu, na zirkoni chache mno au zisiwepo kabisa.

Zoezi hili huonyesha mara moja madini gani yanafaa kupimwa. Kama vyanzo vyako viwili ni graniti za umri mmoja, kulipia umri wa zirkoni hakutavitenganisha. Kama kimojawapo ni basalti (jiwe jeusi la lava), basalti haina zirkoni za kutosha, na mchoro wa umri utakionyesha kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Pale ambapo chanzo unachokishuku bado kipo juu ya ardhi, chukua pia mchanga wa mto unaotiririka kutoka hapo leo. Sampuli hiyo moja hukueleza zaidi kuhusu chanzo kuliko vipande kumi vya mawe, kwa sababu mto umeshachanganya bonde zima kwa niaba yako.

Hatua ya 2: Kuchukua sampuli

Tafuta jiwe la mchanga wenye punje ndogo hadi za wastani. Kilo 2 hadi 5 kwa kila sampuli kwa kawaida hutosha. Ondoa ganda lililochakaa kwa hali ya hewa. Apatiti huyeyuka kwenye maji yenye asidi kidogo, kwa hiyo uso wa jiwe na moyo wake vinaweza kukupa majibu mawili tofauti. Tabaka jembamba jeusi lenye madini mazito yaliyorundikana linafaa ukitaka punje nyingi za kupima kemia, lakini usilitumie kukadiria wingi wa madini, kwa sababu maji yameshachagua.

Ukiona mabonge magumu ya kalsiti ndani ya jiwe la mchanga, yachukue. Kama saruji ya kalsiti, yaani kalsiti inayogandisha punje pamoja, iliganda mapema, ilizifunga punje kabla maji ya kina kirefu hayajazifikia. Ndani ya bonge unaweza kukuta amfiboli na epidoti, ambazo sentimita chache nje yake zimekwisha kuyeyuka zote. Ukilinganisha ndani na nje ya bonge moja unajua umepoteza nini.

Hatua ya 3: Kuvunja, kuosha, kutenganisha

Vunja jiwe kwa upole, ukitenganisha punje bila kuzisaga. Kama saruji ni ya kalsiti, wengi hunyoosha mkono kuchukua asidi hidrokloriki. Usifanye hivyo ikiwa apatiti ina maana kwako, kwani asidi hiyo itaila. Asidi asetiki iliyozimuliwa hadi asilimia 10 huchukua muda mrefu zaidi, ila huiacha apatiti salama.

Chekecha mchanga ubakize ukubwa mmoja kwa sampuli zote. Kipimo cha mikromita 63 hadi 125 hutumika sana, na wengine hupanua hadi 250. Ukishachagua, usibadilishe katikati ya mradi.

Kisha kinafuata kioevu kizito. Kwatzi ina densiti ya 2.65 (gramu kwa sentimita ya ujazo), felspa karibu na hapo. Turmalini huanzia kama 3.0, apatiti 3.2, ganeti 3.5 na kuendelea, zirkoni karibu 4.65. Kioevu chenye densiti ya 2.85 hadi 2.9 hutenga makundi hayo mawili: kwatzi huelea, mazito huzama. Bromofomu (2.89) hufanya kazi haraka, lakini ni sumu na mvuke wake unahitaji kabati maalumu la kuvutia hewa. Politungsteti ya sodiamu haina mvuke huo na huzimuliwa kwa maji. Itumie kwa maji yaliyotakaswa tu, na kama umetumia asidi kwenye kalsiti, osha mchanga mpaka kalsiamu yote iondoke. Kalsiamu ikikutana nayo hutengeneza unga mweupe usioyeyuka. Isiguse vyombo vya chuma pia, maana hugeuka bluu.

Sumaku ya mkono itaondoa magnetiti pamoja na vumbi la chuma lililotoka kwenye mashine ya kuvunjia. Kuhusu mashine za sumaku kali, nina onyo moja. Zirkoni zenye uraniamu nyingi huharibika ndani kwa mionzi, na mara nyingi huvutwa na sumaku zaidi ya wenzake. Ukikaza sumaku ili upate zirkoni safi na nzuri, unaweza kuwa unalitupa kundi zima la umri fulani.

Hatua ya 4: Hesabu kwanza, kemia baadaye

Weka punje chini ya hadubini, uzitambue na kuzihesabu. Kazi inachosha, na vijana wengi huiruka. Mimi nasema isirukwe, kwani hapa ndipo unapojua mchanga wako umeteswa kiasi gani.

Mambo matatu huupotosha mchanga kati ya mlima na mwamba wa leo. La kwanza ni hali ya hewa, kwenye udongo wa chanzo na kila mahali mto ulipolaza mzigo wake njiani. La pili ni upangaji wa maji: punje nzito ndogo huzama pamoja na punje nyepesi kubwa. Kwa hesabu ya Stokes, inayotoa kasi ya punje kuzama majini, zirkoni ya mikromita 80 hutua pamoja na kwatzi ya karibu mikromita 120. Matabaka mawili ya mto uleule yanaweza basi kuwa na wingi tofauti kabisa wa zirkoni bila chanzo kubadilika hata kidogo. La tatu ni kufukiwa. Kadiri mashapo yanavyoshuka na joto kupanda, madini huyeyuka kwa zamu: olivini na piroksini hutangulia, amfiboli hufuata, kisha epidoti, titaniti, kianiti, stauroliti, na baadaye ganeti. Apatiti, turmalini, rutili na zirkoni hubaki. Mfuatano huu umeandikwa vizuri kutokana na visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini, ambako wanajiolojia waliweza kufuatilia mchanga uleule kutoka kina kifupi hadi kirefu.

Kwa sababu hiyo, kutokuwepo kwa madini fulani si ushahidi wa chanzo kutokuwepo. Sampuli isiyo na amfiboli kutoka kina cha kilomita 4 haikuambii lolote kuhusu miamba ya amfiboli milimani.

Njia ya kukwepa mtego huu ni kulinganisha madini mawili yenye tabia sawa ndani ya maji. Andrew Morton na Claire Hallsworth walipendekeza mwaka 1994 viwiano vya namna hiyo: apatiti kwa turmalini, ganeti kwa zirkoni, rutili kwa zirkoni, spineli ya kromiamu kwa zirkoni, monaziti kwa zirkoni. Fomula ni moja kwa zote. Kwa ganeti na zirkoni ni hii:

GZi = 100 × ganeti ÷ (ganeti + zirkoni)

Hesabu punje 200 za kila jozi ukiweza. Uwiano wa rutili kwa zirkoni ndio wa kuaminika zaidi, kwa sababu yote mawili ni magumu na densiti zake ziko karibu. Uwiano wa apatiti kwa turmalini ukishuka ghafla, shuku hali ya hewa kwenye nyanda za mafuriko kabla hujashuku chanzo kipya. Ule wa ganeti ukishuka kadiri kina kinavyoongezeka, shuku kuyeyuka.

Hatua ya 5: Kutayarisha punje kwa vipimo

Mwaga punje kwenye gundi ya epoksi bila kuzichagua. Mkono wa binadamu hupenda punje kubwa, safi na zenye rangi, na upendeleo huo huingia moja kwa moja kwenye matokeo. Epoksi ikikauka, ng'arisha hadi moyo wa punje uonekane, ukimalizia na almasi ya mikromita 1 au ndogo zaidi. Kwa kipimo cha elektroni, paka tabaka jembamba la kaboni ili umeme usijikusanye juu ya sampuli.

Maikroprobu ya elektroni hupima elementi kuu, kwa kawaida kwa volti 15,000 hadi 20,000 na doa la mikromita chache tu. Leza iliyounganishwa na spektromita ya tungamo (chombo kinachotenga atomi kwa uzito wake) hupima elementi haba na isotopu, kwa doa la mikromita 20 hadi 35 hivi. Anza na maikroprobu, kwani leza huchimba shimo. Piga picha kabla ya yote, uone punje zipi zina tabaka la ndani na la nje. Kwenye turmalini hili ni lazima: tabaka la nje huweza kuota ndani ya jiwe la mchanga lenyewe baada ya kufukiwa, na ukipima hapo unasoma historia ya kufukiwa, wala si ya mlima.

Hatua ya 6: Kusoma kila madini

Ganeti ndiyo ningeianza nayo karibu kila mara. Ni nyingi, ni rahisi kupima, na kemia yake hubadilika sana kulingana na mwamba ilimozaliwa. Chukua asilimia za oksidi, zigeuze kuwa idadi ya atomi kwa msingi wa oksijeni 12, uone kama jumla ya ioni chanya inakaribia 8. Kama jumla ya oksidi iko nje ya asilimia 98.5 hadi 101.5, achana na kipimo hicho. Maikroprobu haitofautishi chuma chenye chaji 2 na chenye chaji 3, hivyo cha pili hukadiriwa kwa kusawazisha chaji. Mwishowe gawa punje katika ncha zake: almandini (chuma), piropi (magnesiamu), grosulari (kalsiamu), spesatini (manganisi) na andraditi (kalsiamu na chuma cha chaji 3).

Tuseme punje ina almandini 55, piropi 35, grosulari 5, spesatini 5. Magnesiamu nyingi na kalsiamu kidogo huelekeza kwenye mashapo ya kale yaliyogeuzwa kwa joto kali, yaani granuliti, au kwenye miamba ya charnokiti. Nyingine ina almandini 70, piropi 12, grosulari 8, spesatini 10: hiyo inafanana na miamba geu ya joto la wastani. Magnesiamu na kalsiamu zikiwa juu zote mbili, fikiria basalti iliyogeuzwa. Grosulari na andraditi zikitawala, fikiria chokaa iliyopikwa kando ya magma. Manganisi nyingi huelekeza kwenye pegmatiti (miamba ya magma yenye fuwele kubwa) na baadhi ya graniti, au miamba geu ya joto la chini. Piropi yenye kromiamu hutoka chini kabisa, kwenye mantili, yaani tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Watafutaji wa almasi huifuata mtoni kuelekea juu hadi kwenye bomba la kimbaliti (mwamba wa volkeno unaobeba almasi), na piropi yenye kromiamu nyingi na kalsiamu kidogo ndiyo inayowachangamsha.

Mipaka ya makundi haya hupishana. Punje moja haihukumu. Kundi la punje 50 ndilo lenye umbo la kusomeka. Na kumbuka kwamba chini ya ardhi ganeti zenye kalsiamu nyingi huyeyuka kabla ya zile zisizo nayo. Kundi la ganeti za kalsiamu likikosekana kwenye sampuli ya kina kirefu, tazama uso wa punje zilizobaki. Zikiwa na meno na vishimo vya kulika, usitegemee kutokuwepo huko.

Rutili huja baada ya ganeti, na kwenye miamba iliyofukiwa sana huipita. Kwanza hakikisha ni rutili kweli. Anatasi na brukiti zina fomula ileile ya TiO2, na huweza kuota ndani ya mashapo; spektroskopia ya Raman, inayosoma mwanga wa leza uliotawanywa na punje, huzitenganisha kwa sekunde chache. Kisha pima kromiamu na niobiamu. Niobiamu ikizidi kromiamu, mwamba mama kwa kawaida ulikuwa tope lililogeuzwa. Kromiamu ikizidi, ulikuwa basalti iliyogeuzwa. Utaratibu huu ulienezwa na Thomas Zack na wenzake mwaka 2004.

Rutili pia ni kipimajoto. Kiasi cha zirkoniamu ndani yake hupanda na joto la kuzaliwa, na mlinganyo wa Watson na wenzake wa mwaka 2006 ni huu:

log Zr (ppm) = 7.36 − 4470 ÷ T (kelvini)

Ukipata ppm (sehemu kwa milioni) 500, logi yake ni 2.70. Toa kwenye 7.36, unabaki na 4.66. Gawa 4470 kwa hiyo, unapata kelvini 959, yaani karibu nyuzi 686 za selsiasi. Hesabu hii hudai kwamba rutili ilikua pamoja na zirkoni na kwatzi, sharti ambalo huwezi kulithibitisha kwa punje iliyokwisha kusafiri. Kwa rutili za tope lililogeuzwa ni dhana nzuri. Kwa zile za basalti, itaje kwa tahadhari.

Spineli ya kromiamu ni chache lakini ikipatikana husema wazi. Pima uwiano wa kromiamu kwa jumla ya kromiamu na alumini. Ukipita 0.6, mara nyingi unahusishwa na miamba ya juu ya maeneo ambako sakafu ya bahari huzama chini ya nyingine. TiO2 ikizidi asilimia 0.2, yaelekea ilitoka kwenye lava, si kwenye mantili yenyewe. Kwenye Himalaya, spineli hizi ndani ya mashapo ya kipindi cha Eosini ya upande wa India zimetumiwa kama ushahidi kwamba wakati huo India na Asia zilikuwa zimeshagusana, kwa sababu mchanga wake ulitoka kwenye mshono wa mabara hayo.

Turmalini hutumia michoro ya Henry na Guidotti ya mwaka 1985: alumini, chuma na magnesiamu kwenye pembetatu moja, kalsiamu, chuma na magnesiamu kwenye nyingine. Chuma kingi huelekea kwenye graniti, magnesiamu nyingi kwenye mashapo yaliyogeuzwa. Apatiti husomwa kwa stronti na elementi za lanthanidi, ikiwa bado ipo.

Zirkoni sasa. Saa yake ni kuoza kwa uraniamu kuwa risasi: U-238 hufikia nusu kwa miaka bilioni 4.468, U-235 kwa miaka milioni 704. Saa mbili ndani ya punje moja zinapaswa kukubaliana, na zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 wengi huiacha punje hiyo. Kwa punje changa tumia umri wa U-238. Kwa zilizopita miaka bilioni moja na kitu, tumia uwiano wa isotopu mbili za risasi. Uwiano wa thoriamu kwa uraniamu ukiwa chini ya 0.1, mara nyingi punje ilikua ndani ya mwamba geu. Umri wa punje si umri wa mashapo: konglomerati (jiwe la kokoto zilizogandamana) ya Jack Hills huko Australia ililazwa miaka bilioni 3 hivi iliyopita, lakini ndani yake kuna zirkoni yenye miaka bilioni 4.4. Mashapo hayawezi kuwa na umri mkubwa kuliko punje yake changa kabisa, basi.

Hatua ya 7: Punje ngapi zinatosha?

Tuseme kuna chanzo kilichochangia asilimia 5 ya zirkoni zako. Ukipima punje 60, nafasi ya kukikosa ni 0.95 kwa kipeo cha 60, yaani chini ya asilimia 5. Namba 60 ilitokana na hesabu hiyo. Pieter Vermeesch alionyesha mwaka 2004 kwamba hilo ni swali dogo mno. Huijui idadi ya vyanzo, na unataka usikose hata kimoja kati ya vyote vyenye asilimia 5 au zaidi. Kwa hali mbaya kuliko zote, ukitaka uhakika wa asilimia 95, unahitaji punje 117. Mchango wa asilimia 1 au 2 unadai mamia.

Hatua ya 8: Kulinganisha bila kujidanganya

Asilimia zina hila: zote lazima zifike 100, hivyo moja ikipanda nyingine hushuka hata kama hakuna uhusiano. John Aitchison alitoa dawa yake miaka ya 1980: fanya hesabu kwa logi za viwiano badala ya asilimia tupu. Pembetatu za kuchora ziache kwa macho. Vipimo vya takwimu vifanye kwenye logi.

Kwa umri wa zirkoni, linganisha mgawanyo mzima wa sampuli na wa vyanzo, usifananishe kilele kimoja kimoja. Na kila unapoona kilele kinacholingana, jiulize kama punje zilikuja moja kwa moja. Mfano mzuri ni matuta ya upepo ya Navajo, magharibi mwa Marekani. Mwaka 2003 William Dickinson na George Gehrels walionyesha kwamba sehemu kubwa ya zirkoni za mchanga wa aina hiyo zinalingana na miamba ya Appalachia, upande wa pili wa bara, wakapendekeza mito iliyokatiza bara zima kabla ya upepo kuuchukua mchanga. Umri peke yake hauwezi kusema kama safari ilikuwa moja, au mchanga ulipumzika njiani ndani ya mwamba mwingine. Hapo ndipo apatiti na ganeti zinaporudi kazini. Zirkoni za duara, zilizosuguliwa, bila apatiti wala ganeti, hunukia mashapo yaliyozungushwa upya. Zirkoni zenye kona kali pamoja na apatiti nyingi huelekea kuwa zimetoka moja kwa moja kwenye graniti.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu: hesabu ya hadubini kwa sampuli zote, kemia ya ganeti, au rutili kama ganeti zimelika, kwa nusu ya sampuli hizo, na umri wa zirkoni kwa sampuli mbili au tatu ambazo hesabu na ganeti zimeshaonyesha kwamba zinatofautiana. Jiwe la tope halina punje za kutosha kwa kazi hii. Lisage zima, upime thoriamu, skandiamu, kromiamu na nikeli, kisha ulinganishe na mchanga wa tabaka lililo karibu nalo.